Jibu: Uchague Six Sigma au Taguchi?

Ndugu, umeuliza kama uiache Six Sigma (utaratibu wa kupunguza kasoro kwa hatua: kupima, kuchambua, kuboresha, kudhibiti) ushike mbinu za Taguchi (majaribio ya kutafuta mchanganyiko usioyumbishwa na mambo msiyoweza kuyadhibiti), kwa kuwa vigae vyenu vinatoka tanurini vikiwa na ukubwa tofauti. Usiiache, zinafanya kazi pamoja.

Anza na kupima. Shika kalipa, kile kifaa cha kupimia ukubwa, pima vigae vya nje ya rundo na vya katikati, andika kila kundi peke yake. Vya nje vikitofautiana zaidi, shuku joto lisilo sawa. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha tanuri, na hiyo ni pesa nyingi mno. Mwaka 1953 kampuni ya Ina Seito ya Japani ilikuwa na shida hiyohiyo. Tanuri waliliacha kama lilivyo, wakafanya majaribio ya mchanganyiko wa udongo, wakapandisha chokaa kutoka asilimia 1 hadi 5. Joto liliendelea kupishana, ila ukubwa wa vigae haukupishana tena kama mwanzo. Msinakili tu hiyo 5, udongo wenu ni mwingine.

Kwa hiyo jaribio la Taguchi liingie kwenye hatua ya kuboresha ya Six Sigma, baada ya kupima na kuchambua. Kisha chati ya udhibiti, yaani grafu ya vipimo inayoonyesha vikianza kutoka nje ya mipaka, ijazwe kila mchomo, hasa mkianza kuchimba udongo shimo jipya.