Stollen, mince pie na shira: nilivyopunguza sukari na siagi, mzee akala Krismasi na wenzake

Habari dada. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu hali uliyoieleza nimeipitia mwenyewe. Mama mkwe ameambiwa ana kisukari cha aina ya pili, mashemeji wanakuja Moshi kwa Krismasi kutoka Ujerumani na Uingereza, kila mmoja anataka alichozoea huko, na mwenye jiko ni wewe. Umeuliza kama vitu hivyo vinaweza kupikwa vyepesi na bado vikalika. Vinaweza, ila si vyote, na ushauri wa "weka asali badala ya sukari" uliopewa na wengi humu naomba usiufuate.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee huko Saxony, Ujerumani, ambako ndiko nyumbani kwa Stollen, mkate mtamu wa Krismasi wenye matunda makavu. Niliporudi nilimkuta baba yangu ana kisukari. Krismasi ya kwanza nilimwokea Stollen isiyo na sukari wala siagi, atta tupu. Ilikauka ikawa ngumu. Mzee akamega kidogo ili asiniudhi, jioni akaenda kwa jirani akala keki vipande vitatu. Mwaka uliofuata nikaondoa sukari, nikaweka asali na tende zilizosagwa, nikamwambia ale bila wasiwasi. Saa mbili baadaye kipimo cha sukari kilisoma 14, juu mno. Iliniuma sana, maana aliniamini.

Asali, tende zilizosagwa, sukari guru, vyote vinapandisha sukari mwilini. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linaihesabu asali kundi moja na sukari unayoongeza kwenye chai, na linasema zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na zikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku nzima.

Kilichonisaidia ni kuuliza, kabla ya kupunguza, sukari au siagi hii inafanya kazi gani hapa. Kuna sukari inayoshika unyevu na kuupa mkate rangi, na kuna ile inayomwagiwa juu baada ya kuoka. Kuna siagi inayolainisha unga, na kuna inayopakwa ili kuhifadhi mkate wiki kadhaa. Hiyo ya juu unaiondoa karibu yote na hakuna atakayeitafuta. Ya ndani unaigusa kwa adabu.

Stollen ndiyo mfano mzuri. Ile ya Dresden, mji wa huko Saxony, kwa kanuni zao, haitakiwi kuwa na siagi chini ya gramu 50 kwa kila gramu 100 za unga, na ikitoka kwenye oveni inapakwa siagi tena na kufukiwa kwenye sukari ya unga. Zamani haikuwa hivyo. Majilio yalikuwa kipindi cha mfungo, siagi ilikatazwa, na mkate ulipikwa kwa mafuta ya mbegu mpaka Papa Innocent VIII alipotoa ruhusa ya siagi mwaka 1491. Lakini Wajerumani wenyewe wana Stollen nyingine ya nyumbani ambayo sehemu ya siagi inabadilishwa na Quark, maziwa mazito yaliyochachuka na kuchujwa, na haina hamira bali baking powder. Mtindi wetu unafanya kazi hiyo vizuri mno. Ning'iniza lita moja kwenye kitambaa safi usiku kucha, asubuhi utakuta umekuwa mzito.

Vipimo vyangu: unga wa ngano gramu 500 (robo yake inaweza kuwa atta, usizidishe), mtindi uliochujwa gramu 250, siagi gramu 125, sukari gramu 75, mayai mawili, baking powder vijiko vinne vya chai, zabibu kavu gramu 150 zilizolowekwa kwenye juisi ya chungwa kisha zikakamuliwa, lozi au korosho konzi mbili, maganda ya chungwa na limau yaliyokwanguliwa, iliki, na kungumanga. Usiibanie iliki, wala maganda. Sukari ikipungua, ulimi unatafuta harufu. Changanya bila kukanda sana, oka nyuzi 170 kwa dakika kama 55, kisha chekecha sukari ya unga kijiko kimoja tu kwa juu. Natoa vipande 20. Sukari ya kuongezwa haifiki gramu 5 kwa kipande, ila zabibu zina yake na unga ni wanga, kwa hiyo mama ahesabiwe kipande kimoja, na wali upungue kwenye sahani. Na jambo moja la lazima: hii haikai wiki tatu kama ile ya Dresden. Ukiondoa sukari na siagi umeondoa kinachohifadhi. Siku tatu, nne, zaidi ya hapo weka kwenye friza.

Mince pie ya Kiingereza ni rahisi zaidi. Ndani kwa asili ni matunda makavu, sukari, viungo, pombe na shahamu ya figo ya ng'ombe. Mimi nakwangua matufaha matatu, natia zabibu kavu vijiko vinne vya chakula, maji na maganda ya chungwa, mdalasini, karafuu ya kusaga, nachemsha moto mdogo mpaka maji yakauke. Siongezi sukari hata punje, na shahamu siikumbuki. Sehemu nzito zaidi ni ule unga wa siagi unaofunika chini na juu. Hapo natumia manda za sambusa! Mbili mbili, zimepakwa mafuta kidogo, ndani ya vikombe vya kuokea keki ndogo, najaza katikati na kuacha juu wazi. Dakika 12 kwenye nyuzi 180 zinakauka na kumemenyuka. Shemeji wa Uingereza atakuambia si yenyewe, na ni kweli si yenyewe, lakini sinia litarudi tupu.

Kuna biskuti za Wagiriki za Krismasi, melomakarona, ambazo jirani yangu kule alinifundisha. Nazipenda kwa sababu hazina siagi wala mayai, ni mafuta ya zeituni na juisi ya chungwa. Tatizo ni shira: zinatumbukizwa humo zikiwa moto kama kaimati zetu. Nilijaribu kupika shira nyepesi, zikalowa na kuvunjika. Bora uache kutumbukiza, upake juu kwa brashi asali kidogo iliyolegezwa kwa juisi ya chungwa, na unyunyize korosho. Kaimati nazo ziache zilivyo, chache. Nilizioka nikapata vijimkate tu.

Panettone, mkate mtamu wa Krismasi wa Italia, usiiguse. Sheria yao ya 2005 inataka siagi isipungue asilimia 16 ndipo iitwe panettone, na unga wake ni wa siku kadhaa. Wakija nayo, kata kipande chembamba, mama ale baada ya chakula, si asubuhi na chai tupu.

Mama asiruke mlo ili "aache nafasi" ya keki, hasa kama yuko kwenye insulini au vidonge vinavyoshusha sukari. Baba alifanya hivyo mara moja, akatetemeka na kutokwa jasho kabla hatujamaliza sala. Muulize daktari wake dawa zake ziendeje siku hiyo. Na soda ziondoe mezani kabla hujagusa mapishi yoyote, kwani kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, kuliko vipande saba vya ile Stollen ukihesabu sukari niliyoongeza. Sisi tunaweka jagi la maji yenye vipande vya limau na tangawizi, watoto walilalamika mwaka wa kwanza tu.

Mtindi uning'inize tarehe 22 usiku, Stollen uoke 23. Manda jaza siku ya 25 yenyewe, zikilala zinalegea.