Maswali na majibu: Chuo kikuu au kwa fundi?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, barua zinazonifikia huongezeka, na nyingi huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Safari hii nimechagua zile zinazogusa suala ninaloliona likipuuzwa mwaka hadi mwaka, yaani nani hasa humfunza kijana kazi na kwa makubaliano gani. Majina ya walioandika nimeyaacha, nimebakiza maeneo yao tu.

Kijana wangu amepata daraja la pili kidato cha sita. Mama yake anataka aende chuo kikuu, mimi nataka ajifunze ufundi. Kipi kinamwandaa mtu vizuri zaidi kwa kazi? (Mzazi, Tabata)

Mzee wangu, swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara linakuja likiwa limeacha jambo la kwanza kabisa: kijana mwenyewe anataka kufanya kazi gani? Barua yako ina maoni yako na ya mama yake, lakini ya kwake hayamo. Tafadhali muulizeni kabla ya kuniandikia tena.

Kuna kosa lingine kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba chuo kikuu na uanagenzi ni njia mbili zisizokutana popote. Zitazame kazi ambazo wazazi wa mji huu huwaombea watoto wao. Daktari husoma miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya macho ya madaktari waliomtangulia, na kabla ya hapo hapewi usajili kamili. Mhandisi husoma miaka 4, na akihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka 3, ulioanza mwaka 2003, unaomweka kazini chini ya mhandisi mzoefu anayemsimamia na kumkosoa mpaka afikie kiwango cha kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili hupita kwanza katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyopo hapahapa Dar es Salaam. Hayo yote ni uanagenzi, hata kama hatuuiti hivyo kwa sababu neno lenyewe tumelizoea kwa watu wa gereji.

Wanaotaabika baada ya mahafali, kwa niliyoyaona mimi, ni wale ambao kozi yao iliishia siku ya mahafali, bila mtu wala taasisi ya kuwapokea siku iliyofuata. Kwa hiyo chuo chochote mtakachokitaja, ulizeni kwanza: mhitimu wa kozi hii hukabidhiwa kwa nani ili afunzwe kazi yenyewe? Swali hilohilo liulizwe pia kwa fundi, kwa maana wapo mafundi wanaopokea vijana na kuwaacha wafagie karakana kwa miaka miwili.

Ushauri wangu kwa sasa ni huu. Matokeo hutoka Julai na vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba, na miezi hiyo vijana wengi huimaliza wakiwa wamelala. Mpelekeni mahali panapofanyika kazi anayoifikiria, hata kwa wiki nne tu. Atarudi akiwa anaipenda zaidi au ameichoka, na jibu lolote kati ya hayo litawaokolea miaka. Tena msisahau njia ya kati: kuna vyuo vya ufundi vya ngazi ya stashahada na shahada, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, ambako karakana na darasa viko katika uzio mmoja. Nashangaa ni wazazi wachache kiasi gani huitaja.

Ni kweli kwamba mafundi wanapata fedha kuliko wenye shahada? (Msomaji, Mbagala)

Fundi yupi, na mwenye shahada gani? Ukinitajia watu wawili nitakujibu, lakini makundi mawili mazima hayalinganishwi kwa neno moja.

Nina miaka 19. Nipo kwa fundi seremala huku Keko, huu ni mwaka wa tatu. Ananipa nauli na chakula. Nikimuuliza lini nitakuwa fundi ananiambia nisubiri. Nifanye nini? (Kijana, Keko)

Kijana wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike toleo hili, na nitakujibu kwa kirefu.

Pwani hii haikuanza jana kufunza ufundi. Waunda majahazi, waashi, washonaji na wachonga milango walipokea wanagenzi tangu zamani, na mwanagenzi alipofuzu alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya shukrani iliyotangaza mbele za watu kwamba mafunzo yamekwisha na huyu sasa ni fundi. Zingatia kwamba mafunzo yalikuwa na mwisho unaojulikana. Kilichotupotea katika karakana zetu nyingi ni huo mwisho. Kijana anaingia bila kuambiwa atafunzwa nini na kwa muda gani, anakuwa saidia fundi, na usaidizi huo unaendelea mpaka siku atakapochoka na kuondoka bila cheti wala jina.

Jipime kwanza kwa haki. Je, unaweza kupokea oda ya kitanda cha futi tano kwa sita, ukakadiria mbao, ukazichagua mwenyewe dukani, ukapanga bei isiyokutia hasara, kisha ukakitengeneza mpaka kupiga vanishi bila kuitiwa mtu? Vijana wengi walio katika hali yako wanaijua randa, patasi na msumeno, lakini hawajawahi kuonyeshwa makadirio wala kusimama mbele ya mteja, kwa sababu hapo ndipo fundi anapoona riziki yake itaondoka nawe. Kama ni hivyo, unachokosa ni hesabu ya kazi, na hicho ndicho cha kumwomba akufunze, kwa jina lake, badala ya kumuuliza lini utakuwa fundi.

Zungumza naye kwa heshima, kwa kuwa amekupa mengi, lakini mtake mkubaliane kwa maandishi: kazi zilizobaki kujifunza, posho yako kwa kila oda unayoimaliza mwenyewe, na tarehe ya mwisho. Karatasi hiyo ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa ishuhudiwe. Akikataa kabisa kuandika chochote baada ya miaka mitatu, basi amekwisha kukujibu.

Kwa upande mwingine, nenda VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kituo cha Chang'ombe hakipo mbali nawe, ukaulizie utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza karakanani hupimwa kwa vitendo, hupewa mafunzo ya kuziba mapengo yake, kisha hupewa cheti. Cheti hicho kitakufungulia milango ya zabuni na ajira ambayo mikono peke yake haifungui.

Watu hupenda kuisifu Ujerumani kwa ufundi wake, nami nakubali sifa hizo, ila tuseme kwa nini inastahili. Mwanagenzi wa huko husaini mkataba na mwajiri kabla ya siku ya kwanza, hufunzwa kwa miaka 2 hadi 3 na nusu kutegemea fani, hugawa wiki yake kati ya kazini na shule ya ufundi, hulipwa posho inayopanda mwaka hadi mwaka, na mwishoni hutahiniwa na kamati, si na mwajiri wake peke yake. Tukitaka mafundi kama wao, tuanze na karatasi kama yao.

Na wazazi mnaosoma jibu hili, nawaonya jambo ambalo kijana huyu hakuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asiwekwe katika kazi za hatari. Kumtoa mtoto shule na kumpeleka kwenye mashine ya kuranda ili "ajifunze maisha" ni kumpeleka kwenye hatari.

Nimeona tangazo la chuo kinachotoa cheti cha ufundi umeme kwa wiki sita. Ada yake ni nafuu. Nijiunge? (Gongo la Mboto)

Hapana, mpaka uthibitishe kwamba kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kwamba cheti chake kitakubaliwa utakapoomba leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa maana kazi ya kufunga umeme majumbani inahitaji leseni. Maswali ya aina hii hunifikia kila wiki, na kila wiki muulizaji anayo simu mkononi ambayo ingempa orodha ya vyuo vilivyosajiliwa kabla hajanitumia ujumbe. Umeme uliofungwa vibaya huunguza nyumba na familia iliyolala ndani. Wiki sita hazitoshi.

Nasoma utawala wa biashara, mwaka wa pili. Je, wiki nane za mafunzo kwa vitendo zinatosha kuniandaa? (Mwanafunzi, Sinza)

Hazitoshi, na wanaozipanga wanajua. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa katika ofisi moja ya mjini ambako wiki nane zote nilibeba mafaili kutoka meza moja hadi nyingine, na siku ya mwisho msimamizi alinijazia fomu ya tathmini kwa alama za juu bila kuniuliza nilichojifunza. Niliipokea kwa furaha, nikaja kujuta nilipoajiriwa na kushindwa kuandika barua ya kawaida ya kikazi.

Wewe usisubiri kupangiwa. Nenda kwa mfanyabiashara wa Kariakoo unayemfahamu au uliyeunganishwa naye na ndugu, umwombe akupokee kila likizo, ukae naye kwenye hesabu za kufunga siku, kwenye mzigo unapoingia na kwenye mteja anapokopa. Andika unachokiona. Mwaka wa tatu ukiisha utakuwa umekaa kazini miezi kadhaa, na utayaelewa masomo yako kwa namna ambayo mwenzako anayekariri maelezo ya mhadhara hawezi kuyaelewa. Na mtu yeyote akikudai fedha ili akupatie nafasi ya mafunzo kwa vitendo, usimpe.

Mwenye cheti cha VETA anaweza kufika chuo kikuu? (Kigamboni)

Ndiyo, kwa kupanda ngazi kupitia stashahada na kutimiza vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wanaosema ni njia ya waliofeli, iliyofungwa mbele, hawajausoma utaratibu.

Binti yangu anataka umakanika wa magari. Baba zake wadogo wanasema ni aibu. (Mama, Temeke)

Mama, aibu haipo. Binti anayetaka kazi na kuitaja kwa jina amewazidi wavulana wengi ninaowajibu humu. Waambie shemeji zako kwamba kama wana wasiwasi, wautumie katika mambo ya maana: waende wenyewe kwenye gereji anayoitaka waangalie kama ina choo kinachofungika, kama kuna sehemu ya kubadilishia nguo, kama mwenye gereji ni mtu anayekemea mizaha michafu au ndiye anayeianzisha. Unyanyasaji huwaondoa wasichana wengi karakanani kuliko ugumu wa kazi. Aanze kwenye kituo cha mafunzo kilichosajiliwa, ambako wapo wasichana wengine na kuna pa kulalamikia, kisha aende gereji akiwa na msingi na kujiamini.

Nina karakana ya vyuma Gerezani. Naletewa vijana wa vyuo wasiojua hata kushika mashine ya kuchomelea. Kwa nini nipoteze muda wangu kuwafunza kazi ya walimu wao? (Mwajiri)

Ndugu yangu, lawama yako kwa vyuo ina ukweli. Nimeingia katika karakana za vyuo ambamo wanafunzi arobaini huzunguka mashine moja, thelathini na tano kati yao wakitazama migongo ya wenzao. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, katika sekondari, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, lakini naisihi serikali isiuite amali mkondo ambao hauna vifaa, malighafi wala walimu waliowahi kufanya kazi hizo kwa mikono yao.

Hata hivyo siwezi kukuachia hapo. Wewe ulijifunza wapi kuchomelea? Ni dhahiri kuna mtu aliyekuvumilia ulipoharibu vyuma vyake. Mwalimu wa chuo anaweza kumpa kijana nadharia ya chuma na joto, usomaji wa michoro na kanuni za usalama, lakini kasi, mteja mwenye haraka, chuma kilichokuja kikiwa na kutu na bei ya kukubaliana papo hapo, hayo yapo kwako tu. Kama waajiri wote watasubiri kijana aliyekwisha kufunzwa na mwingine, hatafunzwa na yeyote, na miaka kumi ijayo mtakuwa mnagombania mafundi wazee walewale.

Anza na wawili. Wape miezi 6, waandikie unachotaka wajue kila mwezi, wape miwani na glovu kabla ya kuwapa mashine, wape vyuma chakavu vya kuharibia, na mmoja wa mafundi wako umwongezee posho kwa kazi ya kuwasimamia. Chuo walikotoka kitumie taarifa ya yale waliyokuja bila kuyajua, moja baada ya nyingine, kwa maandishi. Ukiituma, nipelekee nami nakala, nitaichapisha hapa.