Akina Onyango wote ni ukoo mmoja?

Umeona jina Onyango kwenye duka la vipuri Kondele, mjini Kisumu, ukauliza kama ni la watu wa Grace Onyango, meya wa zamani wa mji huo. Hapana ndugu yangu, si lazima. Kwa Wajaluo, Onyango ni saa ya kuzaliwa: asubuhi jua likipanda. Otieno ni usiku, Okoth ni mvua. Tembea soko la Kibuye usome vibao, Otieno kinyozi, Otieno fundi viatu, na hawajuani hata kwa salamu!

Grace mwenyewe, aliyekuwa meya kuanzia 1965 na kuchaguliwa mbunge 1969, jina hilo alilipata kwa mumewe. Babu yake Barack Obama naye aliitwa Hussein Onyango. Undugu hapo hakuna.

Sasa geuza. Wanasoka Victor Wanyama na McDonald Mariga ni ndugu wa damu, baba yao Noah Wanyama, lakini jezi zilisema majina mawili. Vilevile Austin Oduor, nahodha wa klabu ya Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika 1987, ni kaka yake Mike Okoth, babake mwanasoka Divock Origi. Oduor, Okoth, Origi, nyumba moja!

Ukitaka kujua ukoo, uliza kwao ni wapi.