Rimu Zilizonilia Beringi Mbili

Hilux yangu niliinyanyua inchi 2 ili isisage tumbo kwenye njia za Sikonge, ninakofuata asali. Hapo sikukosea. Kosa nililifanya pale Tabora mjini, nilipoona rimu za spoti nikazinunua kwa macho.

Za kiwandani zilikuwa inchi 17 kwa 7.5 (kipenyo kwa upana), ofseti chanya 30. Nilizobeba: 17 kwa 9, ofseti hasi 12. Ofseti ni milimita ngapi zilizopo kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka ambacho rimu hufungwa. Ikiwa chanya kubwa, tairi linaingia ndani; ikiwa hasi, linatoka nje. Piga hesabu uone: ukingo wangu wa nje ulisogea milimita 61. Karibu sentimita sita! Tope likawa linapanda hadi vioo vya milango, na nikikata kona hadi mwisho tairi linasugua madigadi, maana likitoka nje huzunguka duara kubwa zaidi. Kunyanyua gari hakuondoi tatizo hilo.

Na habu haikunyanyuliwa wala kuimarishwa. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28 hivi. Pakia thelathini, una kilo 840. Ongeza mashimo na tairi lililo mbali na beringi, ni kama kushika jembe kwa ncha ya mpini. Beringi ya mbele kushoto ikaanza kulia, kisha ya kulia. Mke wangu akauliza: hizi rimu tunazila au zinatula?

Sasa nina 17 kwa 8, ofseti chanya 20. Zimetoka nje milimita 16 tu, nimevaa tairi za 265/70 badala ya 265/65 (upana kwa milimita, kisha kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana huo). Tairi limeongezeka kipenyo milimita 26 hivi, kwa hiyo spidi ikisoma 80 ujue uko karibu 83.

Usidanganyike na matundu sita ya boliti. Ranger ya Ford na Hilux zote zina matundu 6 kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, ila tundu la katikati la Ranger ni milimita 93.1, la Hilux 106.1. Rimu ya Ranger haiingii kwenye Hilux. Ya Hilux kwenye Ranger inaingia, lakini bila pete ya kuziba nafasi itatikisa usukani.

Nati nazo! Zile za rimu ya aloi ya Toyota zina washa bapa, yaani pete ya chuma iliyo flati. Rimu nyingi za spoti zinataka za koni. Ukichanganya, zinalegea njiani. Kaza tena baada ya kilomita 50 au 100.

Muuzaji asipojua ofseti, laza rula mgongoni mwa rimu, pima hadi uso unaokaa kwenye habu, linganisha na ya zamani; kama upana wa rimu si sawa, hesabu na tofauti hiyo. Ni dakika mbili.

Spea nayo iwe ya saizi hiyo hiyo. Za hasi 12 nimeuza mbili. Mbili zipo chini ya mwembe, kuku wamezifanya kiota.