Kemboi sawa, lakini Rono mnamweka wapi?

Wiki hii mmeuliza ni nani mkali kuliko wote wa mita 3000 kuruka viunzi na maji hapa Kenya na naona wengi washaamua ni Ezekiel Kemboi. Sawa. Mimi nauliza lingine: mtu ambaye Olimpiki alifungiwa mlango, mnamhesabia wapi? Naongea juu ya Henry Rono wa Nandi. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia, 5000, viunzi na maji, 10,000 na 3000 ya kawaida. Nne! Na Olimpiki hakukimbia hata moja, 1976 nchi za Afrika ziligoma juu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, 1980 tukagomea Moscow, ugomvi wa Wamarekani na Warusi, sijui sisi tulitafuta nini hapo.

Hizi mbio mimi nilizikimbia mara moja tu, nikiwa form two, mashindano ya zoni. Uwanja haukuwa na shimo la maji kwa hivyo mwalimu wa gemu akatuchimbisha, tukajaza kwa ndoo za jikoni, mbele yake tukalaza gogo la blugamu. Na kiunzi cha hizi mbio ukikigonga hakianguki, wewe ndio unaanguka. Raundi mbili nikaruka kama swara. Ya tatu goti likapiga gogo, pwaa, nikatua kwa mikono ndani ya tope na kiatu kimoja kikabaki chini, na kilikuwa cha kuazima. Si nikaanza kukitafuta! Wenzangu wananirukia kichwani, mwalimu anapiga kelele "wachana nacho!", mimi nawaza tu mwenyewe nitamwambia nini. Nilikipata, nikamaliza nimekishika mkononi kinachuruzika, wale wa mita 800 washapangwa kwa laini wananingoja nitoke.

Sasa mtu akiniambia Rono alikimbia 8:05.4 pale Seattle hili goti linajua maana yake. Rekodi ilikaa miaka 11 mpaka 1989 Peter Koech akaitoa kwa 8:05.35, yaani ukipepesa jicho hujaona tofauti.

Lakini nikiandika hivi naona kuna kitu nakwepa. Kwa Rono viunzi vilikuwa kazi moja kati ya nyingi, kwa Kemboi ndio kazi yenyewe. Kabla ya dhahabu zake nne za dunia, 2009 mpaka 2015, alichukua fedha mara tatu mfululizo, mbili nyuma ya Shaheen, kijana wetu aliyehamia Qatar, na bado akarudi. Halafu weka dhahabu zake za Olimpiki, Athens 2004 na London 2012.

Haya, niandikieni Kemboi, ila kwa viunzi peke yake. Siku mkiuliza nani mkimbiaji, bila viunzi, hii kura naomba mnirudishie.