Seva haina intaneti, lakini msimbo umeingia kwa flashi

SWALI: Natakiwa kujenga programu ya C++ kutoka msimbo chanzo kwenye seva isiyo na intaneti. Kifurushi kimekuja na folda ya `third_party` yenye maktaba kadhaa, ila CMake, zana inayoandaa ujenzi, inakwama ikijaribu kupakua nyingine. Mwenzangu kazini amenipa folda yake ya `_deps`, ambamo CMake huweka inavyopakua, kwenye flashi, akaniambia nifute mstari wa heshi (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilishwa) ili CMake isilalamike. Anasema hakuna hatari, maana seva haiunganishwi popote. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mstari huo usiuguse, na folda mrudishie mwenyewe. `_deps` imebeba njia kamili za kompyuta yake, na huna namna ya kujua alichobadilisha humo ili kwake ikubali.

Kilichokukwamisha ni FetchContent, sehemu ya CMake inayopakua maktaba wakati wa maandalizi ya ujenzi. Nenda kwenye kompyuta yenye intaneti, tafuta `FetchContent_Declare` katika mafaili yote ya CMake, yakiwemo yaliyo ndani ya `third_party`, kwa kuwa maktaba iliyofungashwa nayo huweza kuita nyingine. Pakua toleo lile lile lililotajwa, ulinganishe heshi kwa `sha256sum`, kisha hamishia kwenye seva na uielekeze CMake kwa `-DFETCHCONTENT_SOURCE_DIR_JINA=/njia/ya/folda`, hilo JINA likiwa lile lililoandikwa kwenye `FetchContent_Declare`, kwa herufi kubwa. Hapa shika jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukitumia njia hii CMake haikagui heshi hata kidogo, kwa sababu hakuna inachopakua. Ukaguzi unabaki juu yako, na ufanyike kabla ya kufungua kifurushi. Wala usikimbilie `FETCHCONTENT_FULLY_DISCONNECTED`, inayozima upakuaji wote, mara ya kwanza. Hiyo hufaa pale tu kila kitu kimeshakuwemo kwenye folda ya ujenzi.

Hilo ndilo jibu la kukwama kwako. Linalonisumbua zaidi ni kauli ya mwenzako, kwa sababu naisikia kila mara, tena kutoka kwa watu waliokabidhiwa seva nyeti: eti bila intaneti hakuna hatari. Kukata mtandao kunazuia kitu kipya kisiingie wakati wa ujenzi. Hakusemi lolote kuhusu kilichokwisha kuingia. Ni kufunga mlango na mwizi yumo ndani.

Kumbuka mkasa wa xz, programu ya kubana data, wa Machi 2024. Msimbo wa hila uliwekwa ndani ya vifurushi rasmi vya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Faili lililouamsha wakati wa ujenzi, `build-to-host.m4`, lilikuwemo kwenye kifurushi cha kupakua lakini halikuwemo kwenye hazina ya git, na sehemu nyingine ilifichwa ndani ya mafaili yaliyojifanya ya majaribio. Ujenzi wake haukuhitaji mtandao hata chembe. Ungezima kila kebo, nao ungejijenga vilevile. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu alishuku ucheleweshaji mdogo wa sshd, huduma ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, akaufuatilia hadi mwisho.

Halafu kuna hatari isiyo na adui yeyote: uzee. Toleo 1.2.11 la zlib, maktaba ya kubana data, lilitoka 2017, na kasoro yake ya kuharibu kumbukumbu wakati wa kubana data, iliyosajiliwa kama CVE-2018-25032, ilizibwa katika 1.2.12 mwaka 2022. Msimamizi husasisha zlib ya mfumo na kuridhika, kumbe programu yake ina nakala yake yenyewe ya 1.2.11 tumboni. Amri ya `ldd`, inayoorodhesha maktaba za nje za programu, haitakuonyesha, kwa kuwa nakala hiyo imeunganishwa moja kwa moja ndani ya programu. Jaribu `strings programu | grep 'inflate 1'`. zlib huacha namba ya toleo lake humo, na mara nyingi utakachokiona kitakushtua. Septemba 2023 kasoro ya libwebp, maktaba ya picha, ilileta kazi hiyohiyo, tena kubwa zaidi: kila programu iliyokuwa na nakala yake ilibidi isasishwe kivyake.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga, pitia `third_party` maktaba moja baada ya nyingine. Soma toleo lake, pakua toleo hilohilo kutoka kwa waandishi wake wenyewe, kisha endesha `diff -r` kulinganisha folda mbili hizo. Zikilingana, na mfumo wako una toleo jipya linalokubaliana nayo, tumia la mfumo. Programu nyingi zina chaguo la kufanya hivyo. Zikitofautiana, tulia usome tofauti yenyewe. Huenda mwandishi ameweka kiraka ambacho programu haiwezi kufanya kazi bila hicho, na ukiiondoa maktaba hiyo kwa pupa utapata programu inayojengeka vizuri na kuharibu data baadaye.

Wapo wanaojiita mafundi ambao dawa yao kwa kila kosa ni kuzima ukaguzi: futa heshi, futa `Cargo.lock` (faili la Rust la matoleo na heshi), nakili `node_modules` (folda ya maktaba za JavaScript) kutoka mashine nyingine. Ujenzi unapita, nao wanaondoka. Anayebaki na seva ni wewe. Wala hawana kisingizio cha ukosefu wa zana: `cargo vendor` ya Rust na `go mod vendor` ya Go hukusanya vitegemezi, yaani maktaba ambazo programu inazihitaji, mahali pamoja, na `pip download` ya Python huandaa vifurushi vya kusakinisha kwa `--no-index`. Kwa pip, beba pia vifurushi vya ujenzi kama setuptools. Hivyo husahaulika na ndivyo hukwamisha.

Ukishaandaa kila kitu, jaribu kwanza kwenye mashine yenye intaneti ukiwa umeukatia mtandao ujenzi peke yake, kwa `unshare -rn` kabla ya amri ya kujenga. Kikikosekana kitu utakijua hapo, huku bado una pa kukipakulia. Orodha ya majina, matoleo na heshi uihifadhi pamoja na programu, ili siku udhaifu mpya utakapotangazwa uangalie faili moja badala ya kuanza kupekua upya.