Ngitili darasani: usianze na kozi mpya

Mwalimu, nimekupata: unataka wazee wa Shinyanga wafundishe ngitili (desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi) kwenye kozi yako ya malisho, idara inasema hawana shahada. Usiombe kozi mpya, itazungushwa vikaoni hadi seneti. Tumia saa za mafunzo ya vitendo zilizopo, mzee aingie kama mtaalamu mwalikwa. Malipo yake yawekwe kwenye bajeti mapema, maana mhasibu (unawajua) atadai cheti.

Peleka wanafunzi mara mbili: wakati wa mvua, eneo likiwa limefungwa, na kiangazi kikali, linapofunguliwa kipande kwa kipande. Wakienda mara moja wataona kichaka tu. Mtihani nao uulize nani hufungua na mvunjaji hutozwaje, la sivyo hawatasikiliza.

Kabla ya kuandika majina ya mimea ya dawa wanayoitaja wazee, pata kibali cha utafiti na ridhaa ya kijiji, si ya mzee mmoja; mwanasheria wa chuo aikague.